Mji Uliohifadhiwa Katika Karatasi

Katika mwaka wa 1922 profesa mmoja wa usanifu wa majengo, Oskar Sosnowski, aliasisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warszawa, mji mkuu wa Polandi, idara iliyopewa jina la Idara ya Usanifu wa Kipolandi, ambayo kwa mtu aliyepita mlangoni pake haikuwa na fahari yoyote ya kutajwa, kwa kuwa mali yake yote ilikuwa karatasi: michoro ya nyumba, picha za nyumba, na vipimo vya nyumba vilivyochukuliwa na vijana wa chuo ambao wakati wa kiangazi walitumwa mijini na vijijini, wamebeba kamba za kupimia, timazi na penseli, kwenda kupima yale ambayo wazee wao waliyajenga. Miaka 23 baadaye, mji ule ulipokuwa chungu ya kifusi na watu waliorejea wakiitafuta mitaa yao wasiijue, karatasi zile ndizo zilizosema mlango ulikuwa wapi, ukuta ulikuwa na unene gani, na dirisha la ghorofa ya pili lilikaa umbali gani kutoka pembeni. Nakusudia kusimulia tarikhi ya karatasi hizo kwa kirefu kidogo, kwa sababu habari zake zimezoea kusimuliwa kwa kifupi, na katika ufupi ule wale waliofanya kazi kubwa hupunjwa haki yao.

Ili kufahamu kwa nini Sosnowski aliishughulikia kazi hii kwa bidii iliyokaribia ibada, yatupasa kukumbuka kwamba Polandi ilifutwa katika ramani ya Ulaya mwaka 1795, ikagawanywa baina ya Urusi, Prusia na Austria, wala haikurudi kuwa dola huru hata mwaka 1918. Kwa muda wa miaka 123 taifa hilo halikuwa na serikali yake ya kuandikisha mali yake, wala halikuwa na mamlaka ya kukataza jumba la kale lisivunjwe au kanisa la mbao lisiachwe kuoza. Chuo chenyewe kilichompa Sosnowski nafasi kilifunguliwa mwaka 1898 chini ya utawala wa Urusi, masomo yakifundishwa kwa Kirusi; kilikuja kuwa cha Kipolandi mwaka 1915, Warusi walipouhama mji katika Vita Kuu ya kwanza, na katika mwaka huo huo ndipo Kitivo cha Usanifu wa Majengo kilipoanza. Basi kizazi kile cha walimu kilirithi nchi yenye majengo mengi na nyaraka chache, na Sosnowski, ambaye mwenyewe alikuwa mjenzi wa makanisa makubwa huko Warszawa na Białystok, aliona kwamba asiyejua alichoachiwa hawezi kuulizwa amekitunza vipi, kwanza kiandikwe.

Kazi ya kuandika jengo kwa vipimo haina mvuto wa nje, nami nataka kuieleza kwa kituo, maana humo ndimo ilimolala siri ya mambo yote yaliyofuata. Mwenye kupima nyumba ya kale huanza kwa kuizunguka na kuichora kwa mkono kadiri macho yake yanavyoona, kisha huitia ile picha tarakimu: urefu wa kila ukuta, upana wa kila mlango, kina cha kila dirisha, kimo cha kila daraja la ngazi. Chumba cha nyumba ya kale aghalabu hakina pembe zilizo mraba, ijapokuwa jicho huhadaika likakiona sawasawa. Kwa hiyo haitoshi kupima kuta nne, ni lazima kamba ivutwe pia kutoka pembe hii hadi ile inayoikabili, mara mbili, ndipo umbo la kweli la chumba lidhihirike. Timazi huteremshwa kutoka juu ili ijulikane ukuta umeinama kiasi gani katika karne zake za kusimama. Nakshi za mawe na za mbao hufuatwa kwa vidole na kuchorwa kwa ukubwa wao wa asili. Kisha mpimaji, akirudi mezani pake, huyageuza yote hayo kuwa michoro mitatu: ramani ya sakafu, ambayo ni nyumba ikitazamwa kana kwamba imekatwa usawa wa madirisha na sehemu ya juu kuondolewa, mkato wa wima, unaoonyesha mambo ya ndani kutoka msingi mpaka paa, na uso wa nyumba kama uonekanavyo kutoka njiani. Ukikosekana mmoja, miwili iliyobaki haiwezi kuliziba pengo lake. Ikiwapo yote mitatu, fundi ambaye hakupata kuiona nyumba ile maishani mwake aweza kuisimamisha tena.

Sidhani kwamba wanafunzi wale walijua kuwa walikuwa wakimwandikia fundi wa namna hiyo. Kwao ilikuwa sehemu ya masomo, na ni dhahiri kwamba Sosnowski aliitaka iwe hivyo, kwa kuwa kijana aliyekwisha kupapasa boriti za paa la kale, akatambua jinsi ubao mmoja unavyouma mwingine bila msumari, amejifunza ujenzi kwa njia ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha. Lakini idara haikuzitupa kazi zao mtihani ulipokwisha, na hapo ndipo ulipokuwa ubora wa rai yake. Michoro ilihifadhiwa, ikapangwa, ikaongezwa mwaka baada ya mwaka, na haikuchagua watukufu peke yao: pamoja na majumba ya wafalme na makanisa ya mawe palikuwamo nyumba za wakulima, makanisa madogo ya mbao, nyumba za wafanyabiashara wa mjini, na masinagogi ya Mayahudi, yale ya mbao hasa, yenye mapaa yaliyopandana tabaka juu ya tabaka, ambayo hayakuwa na mfano wake popote pengine duniani. Mtaalamu wa sanaa aliyekuwa Myahudi, Szymon Zajczyk, alitembea katika miji midogo ya Polandi akiyapiga picha na kuyaeleza masinagogi hayo, na kazi yake iliingia katika hazina hiyo. Nitarejea kwake.

Katika waliolelewa na idara hiyo alikuwamo Jan Zachwatowicz, aliyezaliwa mwaka 1900 huko Gatchina, karibu na St. Petersburg, akaja kusoma Warszawa, kisha akawa msaidizi wa Sosnowski. Katika miaka ya 1937 na 1938 alisimamia kufukuliwa na kutengenezwa kwa sehemu ya kuta za ngome zilizouzunguka Mji Mkongwe wa Warszawa, kuta ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zimemezwa na nyumba zilizojengwa juu yake na kando yake hata wenyeji wakasahau kuwa zipo. Kwa hiyo vita vilipofika, palikuwa na mtu mmoja, mwenye umri wa miaka 39, aliyeyajua mawe ya mji ule kwa mikono yake na michoro ya mji ule kwa macho yake, na bahati hiyo haikuwa ndogo.

Vita vilifika tarehe 1 Septemba 1939. Warszawa ilizingirwa, ikapigwa mizinga na mabomu kwa majuma, na tarehe 17 ya mwezi huo Kasri la Wafalme likashika moto. Sosnowski, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye mkusanyiko wa idara yake kuliko kwenye usalama wake, alijeruhiwa na kombora katika ua wa Kitivo, akafa siku chache kabla ya mji kusalimu amri tarehe 28 Septemba. Uongozi wa idara na ulinzi wa karatasi ukamwangukia Zachwatowicz.

Watawala wapya, yaani Wajerumani, hawakuwa na nia ya kuutawala mji tu. Mapema mwaka 1940 wapangaji wa miji wa Kijerumani walikwisha kuchora ramani ya Warszawa mpya ya Kijerumani, mji mdogo ambao ungekuwa sehemu ndogo tu ya ule wa zamani, na wakazi wake wa zamani, milioni moja na laki tatu, wasihesabiwe. Vyuo vikuu vilifungwa kwa Wapolandi. Katika kuta za Kasri lililoungua yalitobolewa matundu kwa maelfu ya kutiliwa baruti, na katika majira hayo hayo wafanyakazi wa Makumbusho ya Taifa, wakiongozwa na mkurugenzi wao Stanisław Lorentz, waliingia na kutoka katika Kasri wakibandua milango, mbao za kuta, vipande vya nakshi na mawe ya mekoni, wakivificha kwingineko kwa hadhari kubwa, kama watu wanaochukua vipande vya mwili wa marehemu ili siku moja wapate kumtambua. Masomo ya usanifu yaliendelea kwa siri, na upimaji nao uliendelea: nyumba za Mji Mkongwe, nyingine zikiwa zimekwisha kubomolewa nusu, zilipimwa katika miaka hiyo ya ukaliaji na watu ambao, lau wangeulizwa sababu ya kupima nyumba katika mji uliohukumiwa kufutwa, wasingekuwa na jibu la kumridhisha askari. Mimi naona kwamba ujasiri wa namna hii hausifiwi vya kutosha, kwa kuwa hauna mlio. Mtu anayeshika kamba upande mmoja na mwenzake upande wa pili, wakisomeana sentimita ilhali mtaani wanapita askari wenye bunduki, anapigania mji wake kwa njia ambayo sanamu za ukumbusho hazijui jinsi ya kuionyesha.

Tarehe 1 Agosti 1944 watu wa Warszawa waliwainukia wavamizi, wakapigana siku 63, wakashindwa. Habari za vita hivyo zimeandikwa na wengi, nami sitazirudia. Yaliyo ya lazima hapa ni yale yaliyofuata baada ya mkataba wa kusalimu amri wa mwanzoni mwa Oktoba, kwa maana uharibifu mkubwa ulitendwa mapigano yakiwa yamekwisha na wakazi wamekwisha kuhamishwa wote. Vikosi vilivyowekwa kwa kazi hiyo vilipita mtaa kwa mtaa, vingine vikichoma, vingine vikilipua, kwa utaratibu na kwa orodha. Kasri lilikuwa limelipuliwa tangu Septemba kupitia matundu yale yaliyongoja miaka mitano. Nguzo ya Mfalme Zygmunt ilikuwa imelala chini. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana lilikuwa kifusi. Moto haukusaza kumbukumbu: Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Kale iliteketea mwanzoni mwa Septemba, maktaba ya ukoo wa Krasiński, ilimokusanywa miswada na vitabu adimu kutoka maktaba nyingi, iliteketezwa Oktoba, na maktaba ya umma ya barabara ya Koszykowa, barabara ile ile yenye makao ya Kitivo cha Usanifu, ilitiwa moto Januari 1945, muda mfupi tu kabla ya majeshi ya Kisovieti kuingia mjini.

Katika wakati huo huo, mbali na theluji na moshi ule, Wapolandi elfu kadhaa, wengi wao wanawake na watoto waliohamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya nchi yao hadi Siberia na kisha kupita Uajemi, walikuwa wakiishi Tengeru karibu na Arusha, chini ya mlima Meru, na wengine Masindi huko Uganda, wakisoma shule na kulima bustani katika ardhi yetu na kungoja habari za kwao. Makaburi ya wale waliofia Tengeru yapo mpaka leo na yanatunzwa. Nayataja kwa sababu msomaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba jambo ninalolisimulia liko mbali naye kabisa, na kumbe baadhi ya watu wake walipata kuteka maji katika mito ya kwetu.

Katika mkataba wa kusalimu amri Wapolandi walikuwa wamefaulu kutia sharti linaloruhusu mali za sanaa na elimu zitolewe mjini. Kwa mujibu wake, kuanzia Novemba 1944 hadi Januari 1945, kundi la wataalamu na wakutubi wakiongozwa na Lorentz lilipewa ruhusa ya kuingia kutoka Pruszków, mji ulio jirani, kuokoa kilichosalia kutoka makumbusho, maktaba na nyaraka. Waliingia katika mji usio na mtu, huku nyumba zikiendelea kulipuliwa kando yao, wakachimbua vitabu na picha katika vyumba vya chini, wakavipakia kwenye malori na mikokoteni. Wakati huo wa hatari ndipo michoro ya idara ya Sosnowski ilipotolewa. Zachwatowicz na wenzake waliifikisha Piotrków, mji ulio kusini-magharibi ya Warszawa, ikafichwa katika monasteri, chini kwenye makaburi ya watawa, ambako askari hawakufikiri kutafuta nyumba za Warszawa miongoni mwa wafu.

Inafaa kusimama hapa na kulipima jambo hili kwa mizani yake. Waokoaji wale walikuwa na muda mfupi, magari machache, na mji mzima wa vitu vya thamani kuzunguka pande zao. Karatasi za wanafunzi hazikuwa na bei sokoni; hakuna tajiri ambaye angezinunua, na mtu asiyejua kazi yake angezipita akiziona kuwa ni takataka za chuo. Kuzipa nafasi katika gari kulitaka mtu aliyekwisha kufikiri mbele zaidi ya siku ile, aliyeamini kwamba vita vitakwisha, kwamba Warszawa itakuwako tena, na kwamba watakaoijenga watauliza maswali ambayo majibu yake yamo katika karatasi zile na hayamo pengine popote.

Mji ulikombolewa tarehe 17 Januari 1945. Zaidi ya asilimia 85 ya kiini chake cha kale ilikuwa imeharibiwa, na kifusi kilikadiriwa kuwa mita za ujazo zipatazo milioni 20. Palikuwa na watu waliosema wazi kwamba makao makuu ya nchi yahamishiwe mji mwingine. Rai hiyo haikushinda, na tarehe 14 Februari iliundwa Ofisi ya Ujenzi Upya wa Mji Mkuu, chini ya msanifu Roman Piotrowski, ikiwa na idara maalumu ya majengo ya kale iliyokabidhiwa kwa Zachwatowicz. Michoro ikarudishwa kutoka Piotrków, na wale waliokuwa wakiitazama kama mitihani iliyopita wakaanza kuisoma kama hati za ushahidi.

Lakini je, ilikuwa halali kuijenga upya nyumba iliyokufa? Swali hilo halikuwa la kipuuzi, na wenye kuliuliza hawakuwa maadui wa mji. Kwa muda wa nusu karne wanazuoni wa Ulaya walikuwa wameshikilia kanuni kwamba jengo la kale litunzwe kama lilivyo, lisiigizwe, maana nakala hudanganya watazamaji na kuifedhehesha asili. Na baadhi ya wasanifu vijana wa Ofisi ile waliona kwamba msiba ule umefungua nafasi ya kujenga mji wa kisasa wenye hewa na mwanga, usiofungwa na vichochoro vya karne za kati. Zachwatowicz aliijua kanuni ile na alikuwa ameifundisha. Hoja yake, aliyoitangaza mwaka 1946, ilikuwa kwamba kanuni iliyotungwa kwa ajili ya majengo yanayochakaa kwa umri haiwezi kutumika pale ambapo urithi wa taifa umefutwa kwa makusudi ili taifa lenyewe lifutike. Katika hali hiyo kizazi kilichonusurika kina wajibu wa kuvirudisha vilivyonyang'anywa, hata kikijua kwamba kinachorudishwa si kile kile, alimradi kirudishwe kwa elimu. Naikubali hoja hiyo, na naikubali kwa sababu ya lile sharti lake la mwisho. Bila michoro, kurudisha kungekuwa kubuni, na kubuni kungewapa haki yote wale waliopinga.

Wageni wanaotembelea Warszawa huambiwa mara nyingi kwamba mji ulijengwa upya kwa kufuata picha za mchoraji wa Kitaliano Bernardo Bellotto, aliyekuwa mchoraji wa Mfalme Stanisław August tangu mwaka 1768 mpaka kufa kwake mwaka 1780, na ambaye picha zake za mitaa ya mji ni za kustaajabisha kwa uangalifu wake. Ni kweli kwamba picha hizo zilitazamwa sana, na zilisaidia hasa katika majumba na makanisa ya barabara kubwa ya kwenda Kasri, ambako wajenzi walipendelea kurudisha sura ya karne ya 18. Lakini Bellotto alichora kwa ajili ya kumpendeza mfalme, na mara nyingine alilirekebisha jengo ili lipendeze zaidi ya lilivyokuwa. Tena picha iliyo nzuri kuliko zote haisemi ukuta una unene gani, ngazi inapanda upande upi, wala nyuma ya ule uso mzuri kuna nini. Mambo hayo yalisemwa na wanafunzi. Yamkini wasimulizi humtaja mchoraji kwa kuwa ana jina moja linalokumbukika, na vijana wa kamba na timazi walikuwa wengi, lakini haki si lazima ifuate wepesi wa kusimulia.

Hata hivyo michoro haikutumiwa kama ramani ya kunakiliwa bila kufikiri. Waliposafisha kifusi cha Mji Mkongwe, wapimaji waligundua kwamba moto ulikuwa umebandua lipu za karne nyingi na kufichua kuta za matofali za karne za kati, matao na madirisha yaliyokuwa yamezibwa tangu zamani, mambo ambayo hata Sosnowski hakupata kuyaona. Kila ugunduzi ulilinganishwa na karatasi, nyumba kwa nyumba, ikaamuliwa kipi kionyeshwe na kipi kirudi chini ya lipu. Matofali mengine yalitoka katika kifusi chenyewe, mengine yaliletwa kwa treni kutoka miji ya magharibi kama Wrocław, ambayo nayo ilikuwa imebomolewa na vita. Nguzo ya Zygmunt ilisimamishwa tena mwaka 1949, na tarehe 22 Julai 1953 uwanja wa soko wa Mji Mkongwe ulifunguliwa, nyumba zake zikiwa na nyuso za rangi kama hapo kale na ndani yake familia zikikaa katika vyumba vyenye bomba na umeme. Mwaka 1980 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe huo katika orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya ujenzi upya wenyewe.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia katika sifa. Kilichorudi hakikuwa Warszawa yote, wala hata Mji Mkongwe wote haukurudi kama watu wa mwaka 1939 walivyouacha. Majengo ya nyuma yaliyosongamana katika nyua, walimoishi maskini, hayakujengwa. Mahali pake paliachwa wazi kwa ajili ya hewa na jua. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana halikurudishiwa uso wake wa karne ya 19, likapewa sura ya Kigothi ambayo Zachwatowicz aliikadiria kwa elimu yake ya makanisa ya mkoa ule. Na nyumba ndefu za kupangisha za karne ya 19, zile ambazo watu wengi wa kawaida walizaliwa na kufia humo, zilivunjwa kwa mamia hata pale ambapo kuta zake zilikuwa bado imara, kwa sababu serikali mpya iliziona kuwa alama za ubepari, na kwa sababu wataalamu wenyewe, kabla ya vita, hawakuzihesabu kuwa majengo yenye kustahili kupimwa. Hili la pili ndilo linalonigusa zaidi. Aliyechagua cha kupima katika miaka ya amani alichagua pia, pasipo kujua, kitakachoweza kufufuliwa baada ya msiba, na palipokosekana mchoro palikosekana mtetezi.

Upande wa kaskazini ambako kabla ya vita waliishi Mayahudi wengi, na ambako Wajerumani waliwafungia kwa ukuta kisha wakawaua au kuwapeleka kuuawa, hapakufufuliwa mtaa wowote. Sinagogi Kuu la Warszawa, lililofunguliwa mwaka 1878, lililipuliwa tarehe 16 Mei 1943 kuwa alama ya mwisho wa uasi wa mtaa ule uliozungushiwa ukuta, wala halikujengwa tena. Mtaa wa Muranów ulijengwa upya kabisa juu ya kifusi, na kwa sehemu kwa tofali zilizofinyangwa kutokana na kifusi hicho. Jiwe lilikuwapo, waliolijua jina la kila mlango hawakuwapo.

Kasri lilingoja zaidi ya yote. Serikali ilisitasita miaka 26, na uamuzi ulipotoka mwaka 1971 ujenzi uligharimiwa kwa michango ya watu wa ndani na wa ng'ambo, ukaisha mwaka 1984. Vipande vilivyobanduliwa na watu wa Lorentz katika miezi ya kwanza ya ukaliaji vikarudishwa kutani, kila kimoja mahali pake, navyo ndivyo vilivyowapa mafundi kipimo cha kufanyia vilivyopotea. Zachwatowicz alishiriki katika kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1983. Jambo jingine alilolifanya linaonekana katika nchi nyingi na wengi hawajui limetoka kwake: ile ngao ya buluu na nyeupe iliyowekwa na Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 kuwa alama ya majengo na mali za utamaduni zisizopaswa kushambuliwa vitani, mchoro wake ni wa mkono wake. Nyaraka za Ofisi ya Ujenzi Upya, pamoja na picha na ramani zake, zilitiwa na UNESCO mwaka 2011 katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia, na idara ya Sosnowski bado iko katika chuo chake, ikitunza na kuongeza.

Nimeahidi kumrejea Szymon Zajczyk. Aliuawa Warszawa mwaka 1944. Masinagogi ya mbao aliyoyapiga picha, na ambayo wanafunzi wa idara waliyapima, yaliteketezwa yote na Wajerumani, hata katika ardhi ya Polandi halikusalia moja zima. Walakini karatasi zilinusurika, na wasanifu wawili, mume na mke, Maria na Kazimierz Piechotka, ambao wote wawili walipigana katika uasi wa mwaka 1944, walizikalia kwa miaka, wakatoa mwaka 1957 kitabu juu ya masinagogi ya mbao kilichoiwekea dunia mapaa yale, mikato yake, na nakshi za dari zake, kwa kiasi ambacho mtu aliyesoma aliweza kuelewa kila boriti imekaaje. Mchoraji wa Kimarekani Frank Stella aliposoma kitabu hicho katika miaka ya 1970 alifanya kazi mfululizo alizozipa majina ya miji midogo ile. Na mwaka 2011 huko Sanok, kusini-mashariki ya Polandi, mafundi na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walichonga kwa shoka na misumeno ya mkono, kwa kufuata vipimo, picha na michoro iliyokusanywa kabla ya vita na kazi ya hao Piechotka, paa na dari ya sinagogi la Gwoździec, mji ambao leo umo Ukraine. Dari hiyo ilipakwa rangi upya, wanyama na maua na maandiko yake yote, kisha ikapelekwa Warszawa na kutundikwa katika makumbusho ya historia ya Mayahudi wa Polandi yaliyojengwa Muranów, kwa kipimo cha asilimia 85 ya ukubwa wake wa asili.